Tunda zima, juisi, kidonge au majani ya mstafeli: njia ipi ya kulilinda ini?

Mtu akipimwa na kuambiwa ana homa ya ini B, au akitoka kumzika mzazi aliyekufa kwa saratani ya ini, ushauri humfikia kabla khanga za msiba hazijafuliwa. Shangazi anamwambia azidishe matunda. Mwenzake wa kazini anamwambia anunue blenda, kila asubuhi glasi moja. Kijana anayeuza virutubisho anamwekea mezani kopo lenye picha ya komamanga. Na kwenye kundi la familia la WhatsApp unarudi tena ule ujumbe wa stafeli, kwamba eti lina nguvu mara 10,000 kuliko dawa ya hospitali.

Wote wanne wameegemea dai moja: ndani ya matunda mna kemikali zinazolikinga ini na saratani. Dai lenyewe lina mizizi maabara. Kinachotofautiana ni chombo kinachozibeba kemikali hizo mpaka zikufikie, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa, wengine hata ini lenyewe. Nimeziweka njia hizo nne ubavu kwa ubavu.

## Kabla ya mizani

Saratani ya ini mara nyingi huota kwenye ini lililoumizwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 iliua zaidi ya watu 750,000 duniani. Waumizaji wanajulikana: virusi vya homa ya ini B na C, pombe, mafuta yanayojaa kwenye ini la mtu mwenye unene au kisukari, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Sumukuvu tunaijua kwa machungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui yakiwemo, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yaliyoota ukungu. Hao walikula kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Kiasi kidogo cha kila siku hakionekani: ini linapojaribu kuivunja sumu hiyo huigeuza kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania vinasaba vya seli, na seli moja ikiharibika vibaya ndiyo inayoanza safari. Mwenye virusi vya B akila sumukuvu, hatari mbili hizo hazijumlishwi, zinazidishana.

Nayasema haya mapema kwa sababu hakuna kemikali ya tunda inayoua virusi vya B wala inayosafisha gunia la mahindi. Zinachofanya, kwa jinsi maabara zinavyoonyesha, ni kuviamsha vimeng'enya vya ini vinavyotoa sumu nje, kutuliza uvimbe wa ndani, na kuzizuia seli zilizoharibika zisizaliane ovyo. Ni msaidizi wa mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni chanjo na chakula safi.

Basi kila njia nimeiuliza maswali matano. Ndani yake mna nini? Ushahidi wake umefika wapi: kwenye kisahani cha maabara, kwa panya, au kwa watu? Inaweza kudhuru vipi? Inagharimu nini? Na inamfaa nani? Swali la pili ndilo zito kuliko yote, maana kemikali inayoua seli kwenye kisahani bado haijasema lolote kuhusu wewe. Hata chumvi ukiimwaga nyingi kwenye kisahani seli zinakufa.

## Tunda zima

Kilichomo. Weusi wa zambarau na wa zabibu nyeusi ni anthosayanini. Komamanga lina tanini ambazo vijidudu vya utumbo huzivunja kuwa vitu vidogo vinavyoweza kuingia kwenye damu. Wekundu wa tikiti maji na wa pera la ndani jekundu ni likopeni. Chenza na papai vina beta-kriptozanthini, ndugu yake rangi ya karoti. Chungwa lina hesperidini, na sehemu kubwa imo kwenye ule utando mweupe tunaoumenya kwa bidii na kuutupa. (Mama ntilie anayemenya chungwa kwa kisu na kuacha weupe wake anakufanyia hisani.) Juu ya hayo yote kuna nyuzinyuzi, ambazo hazina jina la kuvutia la kuandikwa kwenye kopo lakini ndizo zinazofanya sukari ya tunda iingie mwilini taratibu.

Ushahidi. Kwa panya, mzuri. Watafiti nchini Marekani walioongozwa na Anupam Bishayee waliwalisha panya mchanganyiko wa komamanga, kisha wakawapa kemikali inayosababisha saratani ya ini. Walioulishwa walipata vinundu vichache kuliko wenzao. Matokeo ya namna hiyo yalipatikana pia kwa anthosayanini za tunda dogo jeusi la Ulaya. Ila angalia mpangilio wake: panya walianza kula kabla ya kupewa sumu. Hilo ni jaribio la kinga, na atakayekuambia linathibitisha tiba amelisoma vibaya.

Kwa watu, picha ni ya unyenyekevu zaidi. Huko Mikkabi, Japani, eneo la wakulima wa machenza, wakazi waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa walionyesha kwamba wenye beta-kriptozanthini nyingi kwenye damu walikuwa na uwezekano mdogo wa kupandisha kimeng'enya cha ini kinachoashiria ini linaumia. Hicho ni kiashiria cha ini, saratani yenyewe haikupimwa. Na mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 19 za watu: kila gramu 100 za mboga kwa siku ziliambatana na hatari ndogo ya saratani ya ini kwa asilimia 8 hivi. Matunda? Hayakuonyesha upungufu ulio wazi. Ni mboga, yaani mchicha, matembele, kisamvu, zilizofanya vizuri, na hakuna mtu anayezitengenezea kopo lenye picha nzuri.

Hilo haliyafuti matunda. Linayaweka mahali pake. Tunda linaloliwa badala ya keki, soda na biskuti hupunguza mafuta kwenye ini, na mafuta kwenye ini ni njia mojawapo ya kufikia saratani.

Madhara. Machache. Mwenye kisukari agawanye: kipande cha embe leo mchana, chungwa jioni, asimalize sinia la nanasi kwa mkupuo. La kuangalia zaidi ni balungi. Lina kemikali zinazokizuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi, hivyo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kolesteroli hubaki kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Anayetumia dawa kila siku amuulize mfamasia kabla ya kulizoea.

Gharama. Fuata msimu. Machungwa ya Muheza yakiwa yamejaa sokoni, mapera yakiwa yanaanguka yenyewe, hakuna cha kushindana nayo kwa bei. Komamanga ni ghali na halina sababu ya kukutia deni.

Linamfaa nani. Karibu kila mtu mwenye meno na hamu ya kula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kiasi cha viganja vitano.

## Juisi

Kilichomo. Kemikali nyingi zilezile, wakati mwingine zaidi: komamanga likikamuliwa pamoja na ganda lake hutoa polifenoli (kundi la kemikali ambamo anthosayanini na tanini zimo) nyingi kuliko punje zikiliwa peke yake. Kinachobaki kwenye chujio ni nyuzinyuzi. Na kinachoongezeka, mara nyingi, ni vijiko vya sukari, kwa kuwa Mswahili na juisi isiyo na sukari hawajazoeana.

Ushahidi. Kwa saratani ya ini, hakuna uliosimama kwa miguu yake. Upande wa pili kuna onyo. Wanawake 98,786 waliokwisha kukoma hedhi walifuatiliwa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: waliokunywa kinywaji cha sukari kila siku walikuwa na saratani ya ini kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 85 kile cha waliokunywa mara tatu au chini ya hapo kwa mwezi. Hivyo vilikuwa soda na vinywaji vyenye ladha ya matunda, si juisi uliyokamua mwenyewe, na utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo. Lakini juisi ya pasheni iliyotiwa vijiko vinne vya sukari inasogea upande wa soda kuliko wa tunda. Sukari ya tunda hufanyiwa kazi kwa sehemu kubwa kwenye ini, na ikimiminwa nyingi kwa pamoja ini huigeuza mafuta.

Mtu mmoja anaweza kunywa glasi ya machungwa manne kwa dakika moja. Mpe machungwa manne amenye, uone kama la tatu atalimaliza.

Madhara. Sukari, kama nilivyosema. Juisi ya balungi ina tatizo la tunda lake, tena kwa nguvu zaidi. Juisi za barabarani zina suala la maji na barafu, na hilo halihitaji maabara.

Gharama. Matunda mengi kwa glasi moja, na umeme wa blenda.

Inamfaa nani. Mgonjwa asiye na hamu ya kula, mzee asiye na meno, mtu aliyekonda anayehitaji nguvu za haraka. Hapo juisi ni neema. Kwa wengine, ponda tunda lote pamoja na nyama yake, usichuje, usitie sukari, nusu glasi. Ubuyu unakorogwa vizuri kwa namna hii. Nazungumzia unga mweupe wa ubuyu, si ule mwekundu wa peremende unaotia rangi ulimi.

## Kidonge na unga wa dondoo

Kilichomo. Kemikali moja au chache, zimetolewa kwenye tunda na kukolezwa: resveratroli ya zabibu, asidi elagiki ya komamanga, kwasetini ya tufaa. Hapa kidonge kina fadhila ya kweli: kipimo kinajulikana, angalau kwa kiwanda kinachosema ukweli, na bila kipimo kinachojulikana hakuna utafiti wa kueleweka.

Ushahidi. Fadhila hiyo iliwahi kuzaa matunda huko Qidong, China, wilaya iliyokuwa ikisumbuliwa sana na saratani ya ini kwa sababu ya virusi vya B na mahindi yenye sumukuvu. Watu wazima 180 waligawanywa makundi mawili; kundi moja likapewa klorofilini, itokanayo na ukijani wa mimea, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Alama ya uharibifu wa sumukuvu kwenye mkojo wao ilipungua kwa asilimia 55. Ni moja ya matokeo mazuri tuliyonayo kwa binadamu. Lakini hiyo si kemikali ya tunda, na kilichopungua ni alama ya uharibifu; idadi ya wagonjwa wa saratani haikupimwa.

Kwa kemikali za matunda zenyewe tatizo la kwanza ni safari. Resveratroli, ambayo imeandikwa sana, hufyonzwa vizuri na utumbo, lakini utumbo na ini huigeuza haraka hivi kwamba inayobaki ikizunguka kwenye damu bila kugeuzwa ni chini ya asilimia 1. Kile kilichoua seli kwenye kisahani huenda kisifike kilipotakiwa kwa kiasi hicho kabisa.

Tatizo la pili liko Finland. Wanaume wavutaji sigara 29,133 walishirikishwa kwenye jaribio la beta-karotini, rangi ileile ya embe na karoti, kwa sababu waliokula sana vyakula vyenye rangi hiyo walipata saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wengine. Ilionekana ni hesabu rahisi: chukua rangi, itie kwenye kidonge. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa na saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Hayo ni mapafu, ini halikuwa swali lao. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtafiti makini anayesema kidonge ni tunda lililofupishwa.

Madhara. Nitakaa hapa kidogo. Kuna tunda la Asia, Garcinia cambogia, ambalo Kerala, kusini mwa India, hutiwa kwenye mchuzi wa samaki kuleta ukali, kama sisi tunavyotia ukwaju au embe bichi. Watu wamelipikia vizazi na vizazi. Ganda lake likakolezwa, likawekwa kwenye vidonge vya kupunguza mwili, na madaktari wakaanza kuwapokea wagonjwa wa manjano ambao maini yao yameharibika. Wengine walihitaji kupandikizwa ini. Tunda ni lilelile, ila chunguni linapimwa kwa kijiko na kwenye kopo linapimwa na kiwanda. Ini ndilo linalovunja karibu kila kitu kilichokolezwa unachokimeza. Mwenye ini bovu ndiye anayetafutwa zaidi na muuzaji, na ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kosa.

Gharama. Kopo la mwezi mmoja hununua kapu kubwa la matunda na mboga. Ukiuliza bei, uliza pia nani amelisajili.

Kinamfaa nani. Aliyepimwa akakutwa na upungufu wa kitu fulani, akaandikiwa na daktari. Au aliyemo kwenye utafiti unaosimamiwa.

## Stafeli na majani ya mstafeli

Kilichomo. Nyama ya stafeli ni tunda jema: vitamini C, nyuzinyuzi, utamu wenye ukali kidogo. Kinacholipa umaarufu ni asetojenini, kundi la kemikali zilizomo kwenye mbegu, majani, na kwa kiasi fulani nyama yenyewe.

Ushahidi. Ile "mara 10,000" ina chanzo. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kuwa kemikali moja waliyoitoa kwenye mbegu za stafeli ilizishinda nguvu seli za saratani ya utumbo mpana kwa kiasi hicho ikilinganishwa na dawa moja ya kemo. Soma tena: mbegu, utumbo mpana, seli kwenye kisahani. Ujumbe wa WhatsApp umebeba namba na kuyaacha maneno mengine yote njiani. Dondoo za majani zimejaribiwa pia kwa seli za saratani ya ini, nazo zilikufa, kisahanini. Jaribio la watu linaloonyesha kwamba chai ya majani haya huzuia saratani ya ini halipo.

Madhara. Kisiwani Guadeloupe, Karibi, ambako watu hula matunda ya jamii ya stafeli na kunywa chai ya majani yake, mwaka 1999 madaktari waliripoti wingi usio wa kawaida wa ugonjwa unaofanana na Parkinson, wa kutetemeka na kukakamaa, usioitikia vizuri dawa za kawaida. Kidole kikaelekezwa kwa anonasini, moja ya zile asetojenini, ambayo maabara imeonyesha huua seli za neva. Uhusiano huo haujathibitishwa moja kwa moja kwa binadamu. Lakini nguvu inayosifiwa na madhara yanayoogopwa hutoka kwenye kundi moja la kemikali. Huwezi kuamini moja na kulicheka lingine.

Gharama. Kama mti uko uani, bure. Unga wa majani ulio kwenye pakiti hauna bei wala kipimo kinachofanana mahali popote.

Linamfaa nani. Tunda, mara mojamoja msimu wake, yeyote anayelipenda, bila kutafuna mbegu. Chai ya majani ya kila siku kwa miezi mfululizo, mimi sijaona wa kumpendekezea.

## Uchague nini kwa hali yako

*Hujawahi kupima homa ya ini B.* Anzia hapo kabla ya kwenda sokoni. Chanjo ya B iliingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto Tanzania na Uganda mwaka 2002, na Kenya katika kipindi hichohicho, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo hawakuipata utotoni. Ukiwa huna virusi, dozi tatu ndani ya miezi sita. Taiwan ilianza kuchanja watoto mwaka 1984, na katika miaka kumi saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka karibu nusu. Hakuna tunda lenye rekodi hiyo.

*Umekutwa na virusi vya B.* Tunda zima na mboga, pombe hapana, na kliniki usiikimbie. Daktari ataamua kama unahitaji dawa na kama unastahili ultrasaundi kila miezi sita. Vidonge vya dondoo na majani ya mstafeli viache, kwani vipimo vya ini vikipanda hamtajua ni virusi au ni kopo.

*Una kisukari, au umeambiwa ini lina mafuta.* Tunda zima kwa kiasi, juisi uiache kwa wageni. Na kahawa, kama unaivumilia, inywe bila sukari: kati ya vinywaji vyote ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kuambatana na saratani chache za ini. Wazee wa vijiwe vya kahawa pwani wametutangulia, ingawa kashata ya pembeni sijui tutaitetea vipi.

*Nyumba yenu inaishi kwa ugali na karanga.* Pesa ya kopo nunueni turubai la kuanikia. Mahindi yakauke mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi zitengwe na zisipewe kuku wala kusagwa kwa ajili ya pombe. Matunda yafuate baada ya hapo.

*Unamuuguza mtu mwenye saratani ya ini tayari.* Tafiti zote za kinga nilizozitaja hazimhusu tena. Swali lake ni kupata chakula kinachokaa tumboni. Juisi nzito ya papai au embe, uji wa ubuyu, stafeli lililopondwa akilitamani, mpe anachoweza. Balungi uliza kwanza.

*Umekwisha kununua kopo, na limefika nusu.* Lichukue jinsi lilivyo, na lebo yake, uende nalo kliniki siku ya miadi na uliweke mezani mbele ya daktari. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai au macho yakianza njano, usisubiri miadi. Acha kumeza na uende siku hiyohiyo.